Mbegu Isiyopendwa na Viwavi

Jumatatu, 4 Machi

Hakuna kiwavi hata mmoja. Nimekagua kipande changu cha shamba tangu asubuhi, jani kwa jani, nimeinama mpaka kiuno kimekuwa cha bibi kizee. Hakuna! Majani mazima, ya kijani, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Haya ni maafa.

Wakulima wote wanashangilia. Mvua kubwa za mwezi uliopita ziliwasomba viwavijeshi wakiwa wachanga. Mtangazaji wa redio kasema ni neema. Nikazima redio. Shangazi akauliza kama nina homa.

Hakuna anayenielewa. Miaka minne nimeilea mbegu hii ya mahindi, Namba Kumi na Saba, kwa sababu moja tu: viwavi hawaipendi. Ni fupi. Majani yake yana vinyweleo vinavyokwaruza mikono kama msasa. Magunzi yake ni madogo na wala hayaoni haya. Sifa yake yote ni kuchukiwa na wadudu. Sasa wadudu hawapo. Mtu ambaye kipaji chake ni kuvumilia matusi, atafanya nini siku ambayo hakuna anayemtukana?

Wakaguzi wanakuja Ijumaa ya wiki ijayo. Kati ya mbegu tatu za kituo chetu cha utafiti wa mbegu watachagua moja tu iende kupandwa kwenye mashamba ya watu. Zinazobaki hukatwa na kupewa ng'ombe. Leo Mkuu wa kituo alituita ofisini akasema kwa kuwa msimu huu hauna mdudu, wakaguzi wataangalia umbo na mazao. Umbo! Nilitaka kuangua kilio mbele ya kalenda yake ya ukutani.

Namba Tisa ndiyo yenye umbo. Ndefu, majani laini, imesimama kama iko kwenye gwaride. Ni ya Suruali Nyeupe. Nimempa jina hilo kwa sababu huingia shambani kwenye matope na suruali nyeupe na kutoka nayo nyeupe vilevile. Sijui anafanyaje. Mlangoni akanisogelea, akasema pole dada, mwaka huu hata wadudu wamekususia. Katibu wa Mkuu akacheka mpaka akashika meza. Huyo Katibu hucheka kila Suruali Nyeupe anapofungua mdomo, hata akipiga miayo.

Mbegu ya tatu, Namba Mbili, ni ya dada mmoja aliye likizo ya uzazi. Imeota kando ya yangu, katikati ya magugu. Hakuna anayeihesabu.

Nimeamua. Kama viwavi hawaji wenyewe, nitawaleta.

Jumanne, 5 Machi

Nilimwambia Mkuu jino linaniuma. Nikaenda sokoni, upande wa mahindi mabichi, nikaanza kuuliza ni shamba la nani lina viwavi.

Kosa! Wa kwanza alidhani nauza dawa. Akasema ameshadanganywa vya kutosha na wasichana wenye mikoba. Wa pili alidhani nimetumwa na serikali kuchoma mashamba. Akaapa kwamba tangu azaliwe hajawahi kumwona kiwavi, hata kwenye picha. Mzee mmoja mwenye kofia aliona nimemvunjia heshima. Akasimama, akataka kujua mbele ya watu wote mimi ni mtoto wa nani. Nilimpa shikamoo mara mbili, nikarudi kinyumenyume, nikakanyaga mafungu ya nyanya ya mtu.

Nimerudi na nyanya nyingi zilizopasuka.

Aliyeniokoa ni muuza ndizi mmoja wanayemwita Mama Pacha. Alinivuta mkono nyuma ya kibanda chake na kuninong'oneza, kama mtu anayeuza kitu cha wizi, kwamba yeye anao. Shamba lake liko bondeni, mvua haikulipiga sana. Alikuwa anawaficha majirani kwa aibu.

Tulikwenda. Ee Mungu wangu! Majani yametobolewa mpaka yamekuwa nyavu. Kinyesi kimejaa kwenye moyo wa kila mmea kama unga wa mbao kwa fundi seremala. Na wao wenyewe wamo ndani, wanene, wana afya. Machozi yalinitoka. Mama Pacha akadhani namlilia yeye, akaanza kunibembeleza, akasema usijali mwanangu, tumeshazoea.

Nilipomwambia naomba kuwachukua, alimwita jirani yake kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde: njoo umwone msomi aliyekuja kuomba viwavi! Aibu yote ikaishia hapo. Walicheka mpaka wakakaa chini. Akaniambia nichukue wote, na kule mwisho wapo wengine, nisiwaache wakajisikia wapweke, na kama nahitaji na panya, pia anao.

Ndoo imejaa. Nimeifunika kwa kitambaa na kuiweka chini ya kitanda. Naisikia ikitafuna. Kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze, nina amani.

Jumatano, 6 Machi

Wamelana.

Nilifunua kitambaa nikitarajia jeshi, nikakuta vichwa. Vichwa, vipande vya ngozi, majeruhi wachache wasiofaa kwa lolote, na kiwavi mmoja mnene ajabu aliyekaa katikati ya ndoo, ametulia kama mheshimiwa baada ya karamu.

Viwavi hawa wakiwekwa pamoja hulana. Kila mtu wa kazi yangu analijua hilo. Mimi nalijua kuliko wote, maana niliandika sura nzima kuhusu jambo hilo kwenye tasnifu yangu, na profesa akaandika pembeni kwa wino mwekundu: vizuri sana. Nilikaa sakafuni kando ya ndoo na kujiuliza maarifa hukaa sehemu gani ya mwili wa mtu, maana kwenye mikono hayapo.

Mheshimiwa nimemhamishia kwenye chupa ya jamu yenye udongo kidogo. Siwezi kumuua. Ndiye pekee katika mpango huu aliyefanikiwa.

Kituoni Suruali Nyeupe aliuliza jino linaendeleaje. Nikamuuliza jino gani. Akanitazama kwa muda mrefu.

Jioni Shangazi, akiwa kwenye cherehani yake, alitaka kujua kuna nini hasa mpaka nimekonda hivi. Nikajaribu kumweleza. Nikasema mmea hujikinga na mdudu kwa njia tatu. Kuna mmea ambao mdudu haupendi tu: akiuona anapita. Kuna ambao anaula, lakini ukishaingia tumboni unamdhuru, anadumaa au anakufa. Na kuna ambao unaliwa kweli, lakini unaendelea na maisha na kuzaa kama kawaida. Shangazi akakata uzi kwa meno, akasema yeye ni huo wa tatu, ameolewa miaka ishirini. Mimi, akasema, ni huo wa kwanza. Wanaume wanakuja, wananusa, wanaondoka.

Akacheka peke yake. Mimi nilikuwa namweleza sayansi.

Alhamisi, 7 Machi

Mpango wa pili, bora kuliko wa kwanza. Kila kiwavi na chumba chake!

Shangazi ana kisanduku cha vifungo chenye vyumba vidogovidogo na mfuniko. Kama kimetengenezwa kwa ajili ya kazi hii. Asubuhi nilimwaga vifungo kwenye soksi, nikaenda kwa Mama Pacha, nikaokota, nikamweka kila mmoja chumbani kwake na kipande cha jani. Mama Pacha aliwaita watoto waje waone. Nilirudisha kisanduku mezani, nikaingia kuoga kabla ya kwenda kituoni.

Nikiwa na sabuni machoni nikasikia ukelele.

Mteja wa gauni la zambarau alikuwa amekuja kulichukua, bado vifungo vya mgongoni. Shangazi akafungua kisanduku bila kutazama, kama anavyofanya kila siku, akatia vidole. Sikuwepo, lakini mteja amenisimulia akiwa juu ya kiti. Shangazi alikirusha kisanduku dirishani pamoja na wote waliokuwemo.

Chini ya dirisha kuna mahindi ya Shangazi, mistari michache kando ya ukuta. Mbegu nilimpa mimi. Ni Kumi na Saba. Nilimwahidi kwamba hayo hayataguswa na mdudu yeyote, na amekuwa akiwatambia majirani kwa maneno hayohayo. Nilitambaa humo na taulo na mapovu kichwani. Niliwapata wawili. Wengine wameshajichimbia kwenye mioyo ya mimea.

Si kitu. Hawataila. Watanusa, watahama.

Shangazi hasemi nami. Anaongea na cherehani, kwa sauti, kuhusu watoto wa kaka zake.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nimefanya kile ambacho mtu mwenye akili angefanya tangu Jumanne. Nimetoka kwa Mama Pacha na kwenda moja kwa moja kituoni, kila kiwavi ndani ya jani lake lililokunjwa, bila kupitia nyumbani, ndoo, wala kisanduku.

Wakati watu wote wako kantini, niliingia shambani. Hapo nikasimama kwanza. Dhamiri ilinishika. Kuwaweka viwavi kwenye Namba Tisa ya Suruali Nyeupe ni hujuma. Mimi si mtu wa hujuma. Nikajitazama ndani kwa uaminifu, kama ninavyofanya siku zote kabla ya jambo baya, nikapata jibu: nitawaweka wote kwenye Kumi na Saba yangu. Yangu mwenyewe! Nani atanilaumu? Wakikataa kuila, na wakiamua kwa miguu yao kwenda kwa jirani, hiyo ni safari yao.

Niliwapanga kwenye mstari wa katikati, mmoja kila mmea. Mstari ulionyooka, safi. Napenda kazi nadhifu.

Mheshimiwa amejifukia kwenye udongo wa chupa. Anageuka kuwa nondo, kipepeo wa usiku. Hata yeye ana mwelekeo.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekuja kituoni ingawa ni mapumziko. Viwavi wamekaa. Hawali, hawahami. Wananyanyua vichwa na kuvirudisha chini kama watu waliofika kwenye kikao wakakuta mwenyekiti hajaja. Na kama watakufa njaa hapohapo? Na kama wataila?

Sikuweza kula chakula cha mchana. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mimi na viwavi tuko katika hali moja.

Jumapili, 10 Machi

WAMEHAMA!

Wengi wako kwa Namba Tisa. Nimewaona wakivuka mfereji, mmoja nyuma ya mwenzake. Majani marefu laini ya Suruali Nyeupe yana matundu kama chekeche. Kumi na Saba yangu: mikwaruzo miwili mitatu tu ya kuonja. Waliigusa kwa ncha ya mdomo, wakasema hapana. Miaka minne! Nilikumbatia mmea mmoja. Umenikwaruza shavu. Haidhuru.

Wapumbavu wachache walipotea njia wakaenda upande wa pili, kwa Namba Mbili ya yule dada wa likizo. Wanaitafuna. Hasara tupu, lakini katika kila safari hawakosekani wa kupotea.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeshuhudia kitu ambacho sitakisahau. Suruali Nyeupe kwenye matope, amepiga magoti, anaokota viwavi kwa mkono, mmoja mmoja. Magoti yake ni ya kijani! Nilipita taratibu, nikasema pole kaka, kumbe wadudu walikuwa wanatafuta pa kufikia.

Nilidhani atanijibu kwa ukali. Badala yake mchana kantini akaja kukaa meza yangu, chai mbili, moja yangu. Alisema anashangaa viwavi wametoka wapi. Nikasema maumbile ni fumbo. Alisema nina macho makali ya kuona mambo. Hakuna aliyewahi kuniambia nina macho. Tuliongea muda mrefu, hata hatukuzungumzia mahindi. Ana sauti nzuri akiwa hacheki.

Katibu hakuja kazini leo. Amempeleka mama yake hospitali.

Jumanne, 12 Machi

Katibu amerudi. Suruali Nyeupe alikaa meza yake. Alipita mbele yangu kama anapita mbele ya kabati.

Si hilo tu. Namba Tisa inanuka dawa.

Ni mwiko. Shamba la majaribio halipulizwi dawa, tumetia saini sote. Lakini nilipofika asubuhi harufu ilinipiga puani. Chini ya majani yake viwavi wamejikunja, wamekufa. Na wale waliosalimika? Wamegeuza njia. Wanavuka mfereji, mmoja nyuma ya mwenzake, wanarudi kwangu.

Nilitaka kukimbilia kwa Mkuu. Nilifika mpaka mlangoni, mkono juu, tayari kubisha. Kisha nikafikiria swali litakalofuata: na viwavi hao, binti, walitoka wapi? Nikashusha mkono. Suruali Nyeupe alikuwa amesimama kwenye kibaraza, ananitazama. Anajua. Najua kwamba anajua. Tulisalimiana kwa heshima kubwa.

Waliopotelea kwa Namba Mbili bado wako hukohuko. Wanatafuna tangu juzi na bado wembamba kama uzi. Wawili wamekauka kabisa. Ndiyo bahati yangu, hata viwavi niliopewa wengine ni wavivu. Sina muda nao.

Jumatano, 13 Machi

Wanaila.

Mwanzoni niliona tundu moja. Nikasema ni kuonja. Saa za mchana yalikuwa matundu mengi, na jioni nimeacha kuita matundu, kwa sababu tundu lazima lizungukwe na jani. Hawana furaha, hilo nalisema kwa haki. Wanatafuna kwa uso wa mtu anayekunywa dawa chungu. Lakini wanatafuna. Hawaipendi, na wanaila. Sikujua kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja kwenye mdomo mmoja.

Nimerudi nyumbani nimevunjika. Shangazi ameanza tena kusema nami, bahati mbaya. Alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba, chini ya dirisha. Mahindi yake yamebaki vijiti. Vijiti na mishipa ya majani, kama mifupa ya samaki.

Akauliza kama hayo ndiyo yale mahindi yasiyoguswa na mdudu. Nikamweleza, kwa utulivu, kwamba hapa hakuna aina nyingine karibu, kwa hiyo viwavi hawakuwa na hiari. Shangazi akasema basi nimwambie na jirani, maana yuko ukutani anachungulia tangu asubuhi na yeye pia hana hiari. Jirani akasema hapana, anaanua nguo tu. Kamba yake haikuwa na nguo.

Alhamisi, 14 Machi

Wakaguzi kesho. Kulala chini na kusubiri si tabia yangu.

Mpango: kama jani lililoliwa linaonekana vibaya, liondoe. Nilipitia kipande chote na mkasi wa Shangazi. Kila jani lenye matundu, chwa! Nilitaka mimea ionekane ni myembamba kwa asili, ya kujinyima. Nilipomaliza nikasogea mbali kutazama. Inafanana na kuku walionyonyolewa wakaachwa wasimame.

Viwavi, walipoona hakuna majani, wameingia kwenye mashina.

Suruali Nyeupe yuko upande wake na ndoo, anaosha Namba Tisa kwa maji ya sabuni, jani kwa jani, aondoe harufu. Kuna wakati nilimwazima kitambaa.

Ijumaa, 15 Machi

Imekwisha. Naandika nikiwa nimekaa kwenye stoo ya majembe. Hapa hakuna mtu.

Wakaguzi walikuwa watatu. Mkubwa wao ni mama mfupi mwenye mwavuli, hafungui mwavuli, anautumia kuonyesha. Alianza kwa Namba Tisa. Aliinama, akanusa, akapiga chafya mara tatu. Akamuuliza Suruali Nyeupe tangu lini mahindi yanaogeshwa kwa sabuni ya maua. Kisha akachokoa udongo kwa ncha ya mwavuli, akaibua viwavi waliokufa kwa pamoja kama waliopigwa na radi. Suruali Nyeupe alisema maumbile ni fumbo. Maneno yangu! Ameiba hata maneno yangu.

Nilifurahi kwa muda wa pumzi moja. Akaja kwangu.

Hakusema kuhusu majani kwanza. Alitazama kama mtu anayetazama maiti ya mtu asiyemjua. Kisha akauliza kwa nini uharibifu ulianzia mstari wa katikati tu. Umenyooka hivi. Akasema nondo hutaga popote, huku na kule, wala hawatumii kamba ya kupimia. Na viwavi wote wa umri mmoja, kama darasa la shule. Akaniuliza kwa upole kabisa kama wageni hawa walikuja wenyewe au walialikwa.

Nadharia yote ya utagaji wa nondo naijua. Naweza kuifundisha. Nilisema, sijui kwa nini, kwamba napenda kazi nadhifu.

Mkuu alifunga macho.

Nilimwomba anisikilize. Nilimwambia Jumapili waliihama, kwa macho yangu, waliikataa, walivuka mfereji. Nilisema hii ni miaka minne. Mama wa mwavuli alinisikiliza mpaka mwisho, na huo ndio ubaya wake, maana angenikatiza ningepata wa kumchukia. Akasema ananiamini. Viwavi waliihama kwa sababu palikuwa na pengine pa kwenda. Lakini mkulima atakayepanda hii shamba zima, kutoka mpaka hadi mpaka, wadudu wake watahamia wapi? Mbegu inayopona kwa sababu jirani yake ameliwa, akasema, haijapona. Imesubiri zamu.

Nikasema naelewa. Nilikuwa natazama viatu vyangu.

Ndipo mkaguzi mmoja akaita kutoka kwenye magugu. Namba Mbili! Majani yameliwa kidogo, matundu madogomadogo, na ndani ya kila moyo wa mmea kiwavi mwembamba aliyedumaa, au aliyekauka. Imewaacha waile, na ikawamaliza kutoka tumboni. Wakaguzi wote watatu walipiga magoti kwenye matope kama wameona almasi. Mama wa mwavuli alikuwa anacheka kwa furaha. Akauliza ni nani aliyefanya jaribio hili zuri la kuwaleta viwavi hapa wakati msimu hauna.

Mkuu alinitazama. Nilitaka kusema ni mimi. Lakini viwavi hao mimi niliwaita wapumbavu waliopotea njia.

Mkuu akampigia simu yule dada wa likizo palepale, sauti juu tusikie sote. Mtoto alikuwa analia. Dada akauliza, Namba Mbili ipi? Akasema aa, ile! Akasema hata alishaisahau, tuisalimie.

Kumi na Saba itakatwa Jumatatu. Namba Tisa itachomwa kwa sababu ya dawa. Suruali Nyeupe na mimi tumepewa kazi ya kupalilia Namba Mbili mpaka mwenyewe arudi.

Jumapili, 17 Machi

Mheshimiwa ametoka. Nondo mdogo wa rangi ya vumbi. Nilimwekea jani la mwisho la Kumi na Saba nililolikata jana, nikafungua chupa. Alilitazama. Akaruka, akakaa kwenye pazia, akatoka dirishani, akaenda zake juu ya vijiti vya Shangazi bila kusimama.

Nimelia. Shangazi alikuja, akakaa ukingoni mwa kitanda, akanishonea kifungo cha shati nikiwa nimelivaa. Kisha akauliza vifungo vingine viko wapi. Nikamwonyesha soksi.

Jumanne, 19 Machi

Jana waliikata. Niliona ni wajibu wangu kuwepo. Mchunga ng'ombe alibeba mzigo wote kwa mkokoteni mpaka zizini, akaumwaga mbele yao. Nilisimama kwenye uzio kama ndugu wa marehemu.

Ng'ombe walinusa. Wakarudi nyuma! Mmoja alilamba jani, vinyweleo vikamkwaruza ulimi, akapiga chafya, akageuka. Hawakuigusa! Mchunga ng'ombe akalaani, akasema leo hana majani mengine, wakitaka wale, wakitaka walale. Nilikaa pale nikiwatazama. Mpaka mchana, hakuna. Nilipopita jioni walikuwa wameimaliza, lakini hiyo ni jioni. Mpaka mchana walikataa. Huo ni ushahidi, na nimeuona mwenyewe.

Kwa hiyo nimefikiri upya. Kosa halikuwa la mbegu. Kosa lilikuwa kuipima kwa mdudu asiyefaa. Sasa hivi ninazo punje chache za Kumi na Saba nilizozificha kwenye soksi nyingine, ndogo, ngumu kama changarawe. Ni nani mdudu wa punje? Fukusi wa ghalani! Fukusi hataziweza. Nikimwonyesha Mkuu kwamba fukusi akiwekewa mbegu mbili anaichagua nyingine na kuiacha yangu, hataweza kukataa. Nahitaji fukusi wengi tu. Mama Pacha anao. Alisema nilete gunia, amewaita majirani waje kuangalia.

Katibu ameanza likizo leo. Suruali Nyeupe aliniletea chai palepale kwenye magugu ya Namba Mbili, akasema nina macho makali. Alikuja kwa hiari yake kabisa. Kesho nitavaa gauni la buluu.

Fukusi nimeshawaleta jioni hii na kuwaweka kwenye ndoo ileile, chini ya kitanda, karibu na gunia la mahindi la Shangazi, ambako pana ubaridi. Wote pamoja, hakuna haja ya vyumba. Fukusi hawalani. Safari hii nilikisoma kitabu kwanza.